Nani Alibaki na Mifugo? Nyimbo za Krismasi Zikisikilizwa Kutoka Engaresero

Wahakiki wa nyimbo hapa chuoni tuna mazoea mabaya. Tukikutana na wimbo wa dini, swali letu la kwanza ni ulitoka wapi. Tukishajua kwamba uliletwa na wamisionari, basi, kesi imekwisha: ni kasumba, twende kwenye wimbo mwingine. Na kama umetungwa na Mwafrika, hata ukiwa umetungwa ovyo, tunaupigia makofi. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Ili nisionekane nabishana hewani, nimechagua kundi la nyimbo ambalo kila msomaji wa jarida hili analijua, awe Mkristo au asiwe, kwa sababu Desemba ikiingia hazikwepeki: nyimbo za Krismasi. Nitazitaja ninazozipenda na nisizozipenda. Kigezo changu ni kimoja: wimbo unamweka wapi yule anayeuimba na yule anayeusikiliza? Unampa nafasi ndani ya kisa, au unamtoa nje?

Nazungumza kama mtu wa Engaresero, kwa hiyo sina budi kueleza mahali penyewe. Ni kijiji cha Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron. Ukitoka Mto wa Mbu unapita Selela na Engaruka, vumbi likikufuata, mpaka mlima unakusimamia mbele: Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaa, volkano hai yenye kimo cha karibu mita 2,960. Lava yake ni ya ajabu. Hutoka nyeusi, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mgeni akiona weupe ule kileleni hudhani ni theluji. Wapi! Ni chumvichumvi za magadi. Chini yake kuna mto unaoshuka kutoka kwenye kuta za Bonde la Ufa, wenye maporomoko, unaotiririka mwaka mzima hadi ziwani. Jina la kijiji lenyewe linaanza na maji: engare ni maji. Namwomba msomaji auweke mto huu akilini, maana nitauhitaji baadaye.

Tuanze na nyimbo za theluji, na tuzipite haraka. "Jingle Bells" ulichapishwa na James Pierpont huko Marekani mwaka 1857, na ukiusikiliza kwa makini utaona hauna mtoto, hauna mama, hauna nyota. Una farasi na vijana wanaofurahia kukokotwa juu ya theluji. Siuchukii, ila sijui unanihusu nini. "White Christmas" wa Irving Berlin, ulioimbwa na Bing Crosby mwaka 1942, ni habari nyingine. Berlin alikuwa Myahudi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi, sikukuu ile haikuwa yake, lakini alitunga wimbo wa mtu aliye mbali na kwao anayekumbuka sikukuu za nyumbani. Theluji pale ni jina tu la nyumbani. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kukwama bwenini mwezi Desemba kwa kukosa nauli anaelewa wimbo huo pasipo kuona hata tone la theluji. Wenzangu wanaoukejeli eti hauna uhalisia wa Kiafrika wanasoma neno moja na kuacha dhamira.

Kisha kuna Boney M. Hebu tuseme ukweli, nani kati yetu hajasikia "Mary's Boy Child" kwenye basi la kwenda mkoani mwezi wa kumi na mbili? Boney M waliutoa mwaka 1978, na wengi hudhani ni wao walioutunga. Mtunzi ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1901, mjukuu wa watumwa, na Harry Belafonte aliuimba mwaka 1956 kabla ya hao waliovaa mavazi ya kung'aa. Hairston aliupa mwendo wa kalipso, yaani alichukua kisa cha Bethlehemu akakiweka katika mdundo wa watu wa visiwa vya Karibi. Nadhani ndiyo sababu wimbo huu ukipigwa kwenye duka la Engaresero lenye sola moja na spika moja, hakuna anayeuona mgeni. Bibi kizee anatikisa mabega bila kujua neno hata moja la Kiingereza. Naupenda, na sioni haya.

Sasa nifike kwenye wimbo ambao kwa njia yetu ya mkato ungehukumiwa kwanza kuliko yote: "Usiku Mtakatifu". Ni wa Kijerumani, umo katika Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha KKKT, na Wajerumani ndio walioleta nyimbo za kwao huku kaskazini, hasa Misheni ya Leipzig iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Ushahidi wa kasumba umekamilika, au sivyo?

Tuangalie historia yake kwanza. Maneno yaliandikwa mwaka 1816 na padri kijana aliyeitwa Joseph Mohr, katika kijiji cha milimani cha Mariapfarr, Austria. Mohr alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Mama yake aliishi kwa kufuma, baba yake alikuwa askari aliyetoroka jeshi, na aliyekubali kuwa msimamizi wake wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa mji wa Salzburg, mtu ambaye jamii yenyewe ilimkwepa. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla. Na mwaka huo 1816 Ulaya ilikosa kiangazi. Baridi na mvua viliharibu mazao, njaa ikaingia, kwa sababu mwezi Aprili 1815 volkano ya Tambora, huko Indonesia ya leo, ililipuka na majivu na gesi zake zikaziba jua la nusu ya dunia. Watu wa Mariapfarr hawakujua kitu kuhusu Tambora. Waliona tu kwamba jua limepungua nguvu. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Desemba 1818, Mohr akiwa Oberndorf alimpa mwalimu Franz Xaver Gruber maneno yale, Gruber akayatilia sauti, wakauimba usiku huo kwa gitaa. Wimbo wa kifalme huo? Ni wimbo wa kijiji maskini chini ya anga lililoharibiwa na volkano.

Mimi nilijua habari za Tambora nikiwa mtu mzima, maktabani. Lakini wimbo niliusikia kwa uzito wake wote nikiwa mtoto wa shule ya msingi, Krismasi ya mwaka 2007. Mwezi Julai mwaka huo ardhi ilitetemeka mpaka Arusha na Nairobi wakahisi, na tangu Septemba Lengai alikuwa akilipuka kwa nguvu, hali iliyoendelea hadi mwaka uliofuata. Majivu yalishuka kwenye malisho, mifugo ikadhurika, na kuna familia zilizohama na mifugo yao kusubiri mlima utulie. Katika mkesha kanisa lilikuwa na watu pungufu. Taa ya kandili, harufu ya moshi, watoto tumefunikwa shuka hadi kichwani, na watu wazima wakiimba "Usiku Mtakatifu" taratibu mno, kama wanaobembeleza kitu kisiamke. Nilidhani wanambembeleza mlima.

Hapo kuna jambo la kihakiki la kuangalia. Mtunzi wa Kijerumani alianza na neno la utulivu na ukimya, utakatifu ukafuata. Kiswahili kimeupa wimbo jina kwa utakatifu. Wapo watakaosema tafsiri imepoteza kitu. Mimi nasema imepata. Usiku wetu wa 2007 haukuwa na ukimya wowote, na kama wimbo ungedai ukimya kwanza tungeuimba kwa uongo. Utakatifu hauhitaji mlima unyamaze, tena kwa watu wa pale mlima unaonguruma ndio ushahidi wenyewe wa utakatifu.

Hata hivyo siupi wimbo huu sifa zote unazopewa. Dunia nzima husimulia jinsi askari wa Kijerumani walivyouimba mahandakini Desemba 1914 na bunduki zikanyamaza kwa muda kule Ulaya. Kisa kizuri. Lakini wimbo ulikuwa na waimbaji huku pia, na huku vita havikupumzika kwa ajili yake. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo Waingereza na Wajerumani walikuwa wamepigana Longido, upande wa pili wa Ziwa Natron kutoka kwetu, na miaka iliyofuata Waafrika wengi walikufa wakibeba mizigo ya majeshi hayo mawili. Hakuna aliyetunga kisa cha Krismasi juu ya wapagazi.

Nimefika kwa wimbo nisioupenda kuliko wote. Wala si wa kale, na haukutungwa na mmisionari. Ni "Do They Know It's Christmas?", uliotungwa na Bob Geldof na Midge Ure na kurekodiwa London tarehe 25 Novemba 1984 na kundi la wanamuziki mashuhuri waliojiita Band Aid, kwa ajili ya waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Njaa ilikuwa ya kweli na ya kutisha, na wimbo ulikusanya mamilioni ya pauni. Sitaki msomaji aseme nadharau uhai uliookolewa. Nahakiki wimbo, siyo mchango.

Sasa tazama unachosema. Unazungumzia Afrika, siyo mkoa fulani wa Ethiopia. Unalalamika kwamba huko hakutakuwa na theluji Krismasi ile, kana kwamba Kilimanjaro kilikuwa kimehamishwa. Unadai hakuna kinachoota, mvua hainyeshi, mito haitiririki. Mito! Niliposikia sehemu hiyo kwa mara ya kwanza, katika duka kubwa la Dar es Salaam, nilisimama na kikapu changu mkononi nikiufikiria mto wetu unaovuma kwenye korongo lake usiku na mchana, Desemba mvua za vuli zikiwa zimeujaza. Na Ethiopia yenyewe, je? Ndiko Ziwa Tana liliko, chimbuko la Nile ya Buluu. Halafu wimbo unauliza kama watu hao wanajua kuwa ni Krismasi. Ufalme wa Aksum uliupokea Ukristo katika karne ya nne, wakati wa mfalme Ezana. Augustino alitua Kent kuwahubiria Waingereza mwaka 597. Ukitaka kuwa mkali zaidi, sema hivi: Waethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, kwa hiyo kama ungewaamsha tarehe 25 Desemba kuwauliza swali hilo, wangekujibu kwa usahihi kabisa kwamba leo siyo.

Lakini makosa ya jiografia si dhambi kubwa. Dhambi kubwa iko katika nafsi za wimbo, na hapa naomba wanaosoma sarufi wanisaidie. Kuna "sisi" na kuna "wao". Sisi ndio tunaoimba, tunaokula, tunaojua. Wao hawana sauti hata moja katika wimbo mzima. Kuna mahali msikilizaji anaambiwa amshukuru Mungu kwamba yaliyowapata wale hayakumpata yeye. Hebu niambie, mtu wa Engaresero akiusikia wimbo huu akae upande gani? Akiimba "sisi", anajidanganya. Akikaa kwa "wao", basi hajui leo ni siku gani. Wimbo haujamwachia kigoda.

Wenyewe wameanza kuliona. Ulipoimbwa upya mwaka 2014 kwa ajili ya Ebola, ile sehemu ya kushukuru ilibadilishwa, na mwanamuziki Fuse ODG, mwenye asili ya Ghana, alikataa kushiriki akisema picha ya Afrika inayotolewa ni ya kudhalilisha. Mwaka 2024, ulipochanganywa upya kuadhimisha miaka 40, Ed Sheeran alisema kama angeulizwa asingeruhusu sauti yake ya 2014 itumike tena. Angalau. Huku kwetu bado tunaupiga madukani.

Na sasa wimbo ninaoupenda kuliko yote. Hauna jina. Haumo kitabuni. Ni wimbo wa kina mama wa Engaresero kwa Kimaa, unaoimbwa katika mkesha baada ya ibada rasmi, watu wakiwa nje.

Kwa nini ni wa kina mama? Historia inajibu sehemu. Wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Loliondo, na mmoja wao, Vincent Donovan, aliandika mwaka 1966 kwa askofu wake kwamba misheni ina shule, ina hospitali, lakini mambo ya Mungu hayazungumzwi na Wamasai, naye akaomba aende bomani kuzungumza nao. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1978, kimesomwa duniani kote. Wamisionari kwa miaka mingi waliwalenga wanaume: wazee na wavulana wa shule. Waliokuja kwa wingi walikuwa wanawake. Dorothy Hodgson aliyechunguza jambo hilo huku Umasaini aliita kitabu chake cha mwaka 2005 Kanisa la Wanawake, ukitafsiri jina lake la Kiingereza. Kwangu mimi hilo halishangazi. Mama wa Kimasai alikuwa akimwomba Enkai alfajiri kwa kurusha matone ya maziwa kabla mmisionari yeyote hajafika, na neno Enkai lenyewe lina kiambishi cha kike. Kina mama hawakuanza kusali kanisani. Walihamia na sala zao.

Na walihamia na nyimbo zao. Kifani, wimbo wa mkesha ni ule wa kumtembelea mzazi. Anapojifungua mwanamke bomani, wenzake huja wakiimba, kondoo huchinjwa, mafuta yake hupewa mzazi apate nguvu. Kiongozi hutoa mstari, wengine hupokea kwa kiitikio kifupi na mvumo wa kooni unaosikika kama uko chini ya ardhi. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Shanga za shingoni zinapiga mapigo. Katika wimbo huu mzazi ni Maria, na kiongozi anamuuliza maswali yale yale anayoulizwa mzazi yeyote: maji ulichotewa na nani, mgongo ulishikwa na nani, umechinjiwa kondoo? Kiitikio kinajibu kwa niaba yake kwamba walikuwepo. Sio "wao walikuwepo". Sisi.

Hori la ng'ombe halina huzuni yoyote. Katika mahubiri yetu ya Kiswahili hori ni aibu, ni ishara ya ufukara, mhubiri hushusha sauti akilitaja. Katika nyumba ya Kimasai, ambayo mama ndiye huijenga, kuna sehemu ya ndama ndani humo humo, iitwayo olale. Mtoto hulala akisikia ndama wanavyopumua. Kwa hiyo kina mama wanapofika kwenye hori hawashushi sauti. Wanaipandisha: mtoto amelala mahali panapostahili.

Kisha linakuja swali nililoliweka kwenye kichwa cha makala. Injili ya Luka inasema wachungaji walikuwa makondeni usiku wakilinda kundi, malaika akawatokea, wakaenda upesi Bethlehemu. Msikilizaji wa mjini hapo hana tatizo. (Kiswahili nacho kinatutega, maana mchungaji kwetu ndiye huyo huyo anayehubiri, na watoto wengine hudhani waliokwenda horini walivaa kanzu na kola.) Lakini mfugaji anashtuka. Waliondoka usiku, wote? Fisi je? Simba je? Mifugo waliiacha na nani? Wazee wa kwetu huuliza swali hili kwa dhati kabisa, na sijawahi kusikia mhubiri akilijibu.

Wimbo unalijibu. Unasema mmoja alibaki. Hakumwona mtoto, hakusikia habari ila kwa wenzake waliporudi. Na kina mama wanamwimbia yeye kwa muda mrefu kuliko wanavyowaimbia waliokwenda. Wanamsifu kwa kuwa hakuna hata mwanakondoo aliyepotea usiku ule, na mwishoni Maria mwenyewe anawaambia wachungaji wanaoaga wampelekee baraka yule aliyebaki na mifugo. Nimekutana na mzee mmoja wa kanisa asiyeafiki, kwa hoja kwamba mtu huyo hayumo katika Luka. Ni kweli hayumo. Lakini Luka hasemi walikuwa wangapi wala hasemi walikwenda wote bila kubakisha mtu, na kina mama wameingia katika pengo hilo kwa ujuzi wa kazi yao. Hiyo ndiyo tofauti yake na wimbo wa Band Aid. Ule ulitazama bara lenye watu ukaona patupu. Huu umetazama kondeni palipoachwa patupu ukaona mtu.

Tatizo ni kwamba huenda hatutakuwa naye muda mrefu. Miaka michache iliyopita vijana wa kwaya walikwenda mjini kuurekodi. Fundi wa studio aliwaambia ni mrefu mno, aliutaka uwe wa dakika nne, akaongeza kinanda na ngoma ya mashine, na sehemu iliyokatwa ni ya yule aliyebaki. Siwalaumu sana vijana, walitaka wimbo wao upigwe kama wa wengine. Lakini rekodi sasa imo kwenye simu na kwenye spika za pikipiki, na Krismasi iliyopita niliwasikia watoto wakiimba hivyo hivyo kama ilivyorekodiwa, wachungaji wote wameondoka. Wanaojua sehemu ile nzima ni kina mama wa makamo na kuendelea, na kiongozi wao ni bibi ambaye macho yake yameanza kufifia.

Nilikwenda kwake na daftari na simu, nikamwamkia kwa heshima inayostahili, nikamwomba aniimbie peke yangu ili niandike kila mstari kwa ajili ya kazi yangu ya mwaka wa tatu. Alicheka sana. Aliniambia wimbo ule hauimbiwi daftari, kiongozi anahitaji mzazi mbele yake wa kumuuliza maswali, la sivyo maneno hayaji. Nimemwachia shangazi namba yangu. Mtoto yeyote akizaliwa bomani kabla ya Desemba napigiwa simu, hata ikiwa ni wiki ya mitihani, na kuna basi la Loliondo linalopita Engaresero.